Watoto Hawahesabiwi

Mama yangu hakuwahi kutuhesabu. Ng'ombe wa baba hawakuhesabiwa, kuku hawakuhesabiwa, sembuse watoto. Jioni kule Keringet, ukungu ukishashuka kwenye majani chai, alisimama mlangoni mwa jikoni akatutazama mmoja baada ya mwingine bila kusema neno, kisha akapakua ugali. Akikosekana mtu alijua. Mgeni akimuuliza ana watoto wangapi alijibu, "Wako," na mgeni wa kwetu aliridhika na jibu hilo. Kwetu, kuhesabu watoto ni kukionyesha kifo pa kuanzia.

Jina la baba nalo hakulitaja. Baba alipokuwa hai alimwita mwenye boma, na baba alipokufa akaendelea kumwita mwenye boma, kama vile ametoka tu kufunga ndama. Mimi jina la baba yangu nilijifunza kutoka kwa wanaume wenzake waliokuwa wakimwita kutoka ng'ambo ya ua. Halikuwahi kutoka mdomoni mwa mama, hata siku ya kumzika.

Nayasema haya mapema kwa sababu wakili hakuyajua, na alipoelezwa hakuweza kuyafanyia kazi.

Ninaishi Rhonda, hapa Nakuru, na ninashona sare za shule katika chumba cha mbele. Mama aliletwa kwangu alipopata uvimbe tumboni, kwa sababu kliniki ilikuwa mjini na barabara ya kutoka Keringet ingemmaliza kabla ya uvimbe kumfikia. Nilimwekea kitanda nyuma ya pazia. Mimi upande huu na cherehani, yeye upande ule na maumivu yake, tukapigiana kelele kutwa nzima. Alipenda kunikosoa kola asizoziona. "Hiyo imeenda upande," angesema, na mara nyingi ilikuwa imeenda upande kweli.

Siku moja jirani yetu wa kule nyumbani akanipigia simu. Alisema watu wamekuja kupima shamba letu, wamepigilia vigingi mpaka karibu na kaburi la mzee. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akiwaongoza.

Kaka yangu ni kifungua mimba. Ndiye aliyebaki nyumbani, na ndiye aliyebaki na pombe. Mwaka mmoja kabla ya ugonjwa alikuwa amemletea mama karatasi, akamwambia ni za mkopo wa ng'ombe wa gredi kutoka kwa ushirika, naye mama akabonyeza kidole bila kuuliza, kwa maana ni nani anayemuuliza mwanawe? Kikulacho ki nguoni mwako. Zilikuwa karatasi za kuuza shamba. Shamba lilikuwa la mama. Baba alipokufa cheti kiliandikwa jina lake. Na katika shamba hilo wamelala baba na mdogo wetu wa mwisho, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kukimbia.

Nilipomweleza, mama hakulia. Aliniambia jambo moja, nalo akalirudia kila siku mpaka mwisho: "Nirudishe kwa mwenye boma." Hakutaka kupona sana. Alitaka kuzikwa pale, kati ya mumewe na mtoto wake, na kama shamba lingeuzwa hilo lisingekuwepo tena.

Chifu akanieleza kwa simu jinsi mambo yalivyo. Bodi ya ardhi ingekaa kabla ya mwisho wa mwezi kusikiza kila anayeuza na kila anayepinga. Mwenye shamba aje mwenyewe aseme hapana, au amtume mtu mwenye hati ya uwakilishi, yaani karatasi iliyoshuhudiwa na wakili inayompa mtu huyo mamlaka ya kusimama mahali pake. Mama hangeweza kukaa kwenye kiti muda wa kunywa chai. Nikaenda kutafuta wakili.

Niliyempata alikuwa kijana, ofisi yake iko juu ya duka la dawa za mifugo, na alikubali kuja nyumbani, jambo ambalo wengine walilikataa. Namtendea haki: alikuwa mtu mzuri. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningepata mahali pa kuitua hasira yangu.

Alikuja na mkoba na muhuri wake, akaruka mtaro wa maji machafu na viatu vyake safi, akaketi kando ya kitanda akamsomea mama karatasi yote kwa Kiswahili, polepole. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia.

"Madam, itabidi utoke kidogo. Wewe ndio unapewa hiyo power. Huwezi kuwa hapa nikimuuliza maswali."

Nikatoka nikasimama penye mfereji wa maji wa ploti, tunaoutumia wapangaji wote. Kuta za kwetu ni mabati. Kutoka si kutosikia.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Kwa msichana yangu."

"Sawa. Na unajua ni kwa nini nimekuja?"

"Kuzuia shamba."

"Vizuri sana. Mzee wako alikuwa anaitwa nani?"

Mama akasema, "Mwenye boma."

"Jina yake, mama."

"Alikufa."

"Pole. Lakini akiwa hai walikuwa wanamuita nani?"

"Watu walikuwa wanamuita," mama akasema, "na alikuwa anaenda."

Pale mferejini nikafumba macho.

"Basi, mama, niambie uko na watoto wangapi."

"Wako."

"Wangapi?"

"Mungu alinipatia."

"Lakini ni watatu, ni wanne? Niambie tu."

"Kijana yangu," mama akasema, na nikasikia sauti yake imekuwa baridi, "unataka kuwafanyia nini?"

Alipotoka nje mkoba ulikuwa umefungwa. Aliniambia kwa upole kwamba hawezi kushuhudia. Mama hajui jina la mumewe wala idadi ya watoto wake. Atasemaje kwamba alielewa alichokuwa akikitia kidole?

Nikamweleza. Nilimweleza mila yote, kwa haraka na kwa hasira, na jirani aliyekuwa akijaza mtungi akaniunga mkono kwamba hata kwao ni hivyo. Wakili akasikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, madam. Hata shosho, nyanya yangu, alikuwa na mambo yake. Lakini kesho brother yako akienda kortini aseme mama hakuwa anajielewa, ni mimi nitaulizwa nilijuaje. Nitasema nini, ati msichana yake alinielezea? Yule yule amepewa power?"

Akaniuliza tuko wangapi, na mimi nikamhesabia pale pale, kaka yangu, mimi, dada yangu aliyeolewa Longonot, na yule mdogo aliyekufa. Nikatutaja upesi kama mtu anayehesabu vifungo. Mimi mambo hayo sikuyaogopa. Nimesoma, nimeishi mjini, nimejaza fomu nyingi.

Alisema daktari angeweza kuandika barua kwamba akili ya mama ni timamu, lakini siku ya kliniki ilikuwa baada ya siku ya bodi. Basi angekuja tena mara moja. "Lakini usimfundishe," akaniambia, na kidole kikasimama. "Nikiona amefundishwa, siwezi sign. Hata ukinililia."

Nikaingia ndani nikavuta pazia. Mimi si mtu wa kuzunguka maneno. "Mama, yule kijana anasema huna akili."

Akacheka, akashika tumbo. "Akili yangu inamtosha yeye na mama yake."

"Hatatia sahihi. Na asipotia sahihi, shamba limeenda."

Hapo kicheko kikakatika. Sikumwambia afanye nini. Naapa sikumwambia, si kwa sababu ya kidole cha wakili, ila kwa sababu nilijua ni kumwomba nini. Kuna vitu humwombi mzazi. Siku hizo zote hata kola zangu akaacha kuzikosoa.

Kisha asubuhi moja, nina pini mdomoni, nikasikia kutoka nyuma ya pazia: "Muite yule kijana. Nitamwambia."

"Utamwambia nini?"

"Yenye anataka."

Nikatema pini mkononi. Mimi nisiyeogopa mambo hayo, mwili ulinisisimka.

Siku aliyokuja, mama hakukubali kukutwa kitandani. Nilimvika gauni la kanisani na kitambaa cha kichwa, nikamkalisha kwenye kiti changu cha cherehani kwa sababu ndicho chenye mgongo, nikamwegemeza kwa mto. Alikuwa anatoka jasho kwa kukaa tu. Wakili alipoingia mama akamwambia, "Karibu. Uliza." Nikatoka. Mferejini kulikuwa na mtu anateka maji. Nikaufunga mfereji ule, na mtungi wake umefika nusu, akanitazama usoni, hakuufungua tena.

Wakili aliuliza kuhusu mzee. Mama akavuta pumzi, akataja jina la baba yangu. Jina lote, na la babu likafuata. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi zangu, na ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina lile kwa sauti ya mama. Alilitamka vizuri, kama kitu alichokuwa akikitunza. Machozi yakanitoka bila ruhusa yangu.

"Na watoto, mama?"

"Wa kwanza kukuambia," akasema, "ni huyu mwenye hii nyumba." Akataja jina langu. "Mwingine ni yule wa Longonot." Akamtaja. "Mwingine ni mdogo, alienda na surua, ako karibu na baba yake." Akamtaja na yeye, jina ambalo hatukuwa tumelisikia tangu siku lile jeneza dogo lilipotolewa ndani ya nyumba.

Halafu akanyamaza.

Wakili akangoja. Mimi nikangoja. Ndani ya mabati mtu akakohoa, chumba cha tatu.

"Na kijana wako mkubwa?"

Kiti kikalia.

"Mama, uko na kijana Keringet? Mwenye hii karatasi inamhusu?"

"Nimemaliza."

"Umemaliza watoto wote?"

"Nimemaliza kuhesabu," mama akasema.

Alimuuliza tena, na tena, kwa njia tofauti, kama mwalimu anayemtafutia mtoto maksi. Neno moja lingetosha. Hata jina tu. Mama hakulitoa.

Wakili alipotoka hakunitazama kwanza. "Madam, nilikuomba."

"Sijamwambia kitu!"

"Siku ile hakuweza kutaja hata mmoja. Leo ametaja wote vizuri, mmoja mmoja, isipokuwa tu yule mnapigania shamba na yeye. Ungekuwa mimi, ungefikiria nini?"

Sijui ningefikiria nini. Najua nilichosema, na si cha kuandika. Nilimwita majina ambayo watoto wa ploti waliyarudia wiki nzima. Alisimama akayapokea yote, akasema pole, akauruka mtaro akaenda na muhuri wake.

Nikarudi ndani nikamkuta mama ameteleza juu ya mto, uso umekuwa wa majivu. Nikamlaza. Huku namlaza namgombeza, kwa maana ndivyo nilivyo. "Mama, jina moja! Moja tu! Mbona umemwacha?" Akageukia ukutani akaomba maji. Nilikuwa nimechemka, lakini chini ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine, na nikikificha nitakuwa nadanganya: nilifurahi kidogo. Nilidhani hatimaye amemkata. Maisha yangu yote nilingoja mama amwone kaka yangu jinsi alivyo, na siku ile nilidhani amemwona, ila kwa bahati mbaya amemwona mbele ya wakili.

Siku ya bodi nilikwenda bila hati. Dada yangu wa Longonot alikuja kukaa na mama. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa mashamba, kila mtu na bahasha yake, na kaka yangu alikuwa ameketi karibu na mnunuzi, amevaa koti la baba. Walipolitaja shamba letu nikasimama.

"Mwenye shamba ako wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mgonjwa. Ako Nakuru. Amenituma niseme hakubali."

"Umekuja na power of attorney?"

"Sina."

"Kuna barua yoyote?"

"Sina, mzee. Lakini mimi ni mtoto wake."

"Na mimi ni mtoto wake," kaka yangu akasema. Hakunitazama. Alisema akitazama meza.

"Basi keti, mama," mwenyekiti akaniambia, bila ubaya wowote, na akaita shamba linalofuata.

Kabla ya kurudi nilipita nyumbani. Vigingi vilikuwa vimepakwa rangi nyekundu, na kimoja kilikuwa kwenye kitanda cha mboga za mama. Nikakaa penye makaburi mpaka mbwa wa jirani akanizoea. Sikuomba wala sikulia. Nilikuwa najiuliza tu nitamwambiaje.

Nilimwambia mama jinsi mambo yalivyokuwa. Dada yangu akatoka nje, hakuweza kusikiliza. Mama alisikiliza yote, mwenyekiti, mnunuzi, vigingi, mboga, macho yakiwa kwenye dari. Nilipomaliza nikangoja alaani. Ningemsaidia.

"Amekonda?" akauliza.

"Nani?"

"Kaka yako. Amekonda?"

Nikamwambia ndiyo. Koti la baba lilikuwa linamning'inia, mikono inatetemeka, meno mawili ya mbele hayapo.

Mama akatikisa kichwa polepole. "Nilijua. Yule kifo kinamtafuta kila siku, kinampata amelala kwa barabara, kinapita. Sasa mimi mama yake nimhesabu? Nikionyeshe?"

Kwanza sikuelewa nilichosikia, kisha nikaelewa chote kwa mpigo. Hakuwa amemkata. Alikuwa amemficha. Aliweka shamba upande mmoja, kaburi lake mwenyewe upande huo huo, na upande wa pili akamweka mlevi aliyemuuza, akachagua bila kusita.

"Na mimi?" nikasema. Sauti yangu ilitoka ndogo, sikuipenda. "Mbona mimi ulinihesabu? Tena ukaanza na mimi."

"Wewe?" Akanigeukia, na uso ule uliokwisha ukapata mzaha kidogo. "Wewe kifo kikija utakigombeza mpaka kisahau kilitumwa nini." Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba, nikamwinua, nikamshikia beseni.

Alikuwa ananisifu. Najua alikuwa ananisifu. Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia ni mtoto, lakini alikuwa anatapika, na huo haukuwa wakati wake.

Alikufa mvua zikianza. Nilimpigia simu mwenye shamba mpya mimi mwenyewe, nikamwita boss, nikamwomba futi chache kando ya kaburi la mumewe. Alisema ananionea huruma, lakini hawezi kulima mahali ambapo watu bado wanaleta maiti. Tukamzika hapa Nakuru, kwenye makaburi ya umma, mahali ambapo kila kaburi lina kibao cha bati na kila kibao kina namba. Mwanamke aliyekataa hesabu maisha yake yote.

Kaka yangu alikuja. Alisimama nyuma kidogo, amevaa lile koti, na kwa siku ile hakuwa amekunywa; nilimwona anavyotetemeka kwa kukosa. Mchungaji alipomaliza kusoma akasema marehemu ameacha watoto, na akamwomba mkubwa wao asogee awajulishe kwa waombolezaji. Kaka yangu akapewa kipaza sauti. Akakishika kwa mikono yote miwili, akatutazama mimi na dada yangu, akatazama shimo.

"Watoto wa mama," akasema, "wako."

Alikuwa ameuza shamba, alikuwa ameuza kaburi la mama yake angali hai, na bado mila ile ilikuwa imemshika ulimi. Watu wa kwetu waliokuwa wamekuja kutoka Keringet wakaitikia kwa kichwa. Mchungaji akangoja zaidi, kwa kuwa hakuwa wa kwetu.

Nikamwendea kaka yangu nikachukua kipaza sauti kutoka mikononi mwake. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alinitazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu vigingi vipigiliwe, na nikaona kwamba amejua ninachotaka kufanya kabla sijafungua mdomo. "Usifanye hivyo," akaniambia chini kwa chini, kwa lugha ya mama. "Tafadhali."

Nikainua mkono, nikanyoosha kidole, nikaanza na yeye.